Nilivyomtafutia Shangazi Ndege ya Mombasa

Barua ilipitia sanduku la posta la mwenye duka la misumari na rangi, Mchagga mmoja mpole wa Mtaa wa Swahili. Nusu ya mtaa wetu pale Kariakoo ilitumia sanduku lake, maana wengi wetu hatukuwa na la kwetu. Siku hiyo hakungoja tuende kuulizia. Aliileta mwenyewe, akapiga hodi, akasimama kizingitini na bahasha mkononi.

"Mama, una ndugu Mombasa?"

"Sina," alijibu shangazi yangu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Ndugu zangu wako Lindi, na hawana habari ya kuandika barua."

"Basi huko Mombasa kuna watu wanaokujua."

Shangazi akanielekezea bahasha mimi. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, nimejifunza kupiga chapa, na nimepata ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini. Baba, ambaye ni kaka yake, alinileta kwake kutoka Lindi ili nisome, na sikuondoka tena. Shangazi kusoma alijua vizuri tu, lakini alisema macho yake anayatunzia sindano, kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani niliisoma mimi.

Barua ilitoka kwa kikundi cha taarab cha kina mama wa Mombasa. Walisema wimbo aliotunga shangazi, ule wa chungu cha kuazima, umewafikia. Mfanyabiashara mmoja wa khanga aliusikia kwenye harusi Ilala, akaunakili kwenye kikaratasi, akavuka nao mpaka. Sasa wameutilia muziki, na utaimbwa kwenye onyesho la kina mama, siku ya Jumapili saa kumi alasiri, wiki tatu kutoka tarehe ya barua. Wangefurahi sana kama mtunzi mwenyewe angehudhuria. Mwishoni wakataja jina la mwimbaji.

Niliposoma jina lile, ungo uliteleza kwenye mapaja ya shangazi na mchele wote ukamwagika mkekani.

Hakuna nyumba yenye redio katika mtaa wetu ambayo haikuijua sauti ya yule mama. Akianza kuimba, watu walinyamazishana. Na shangazi, lazima niseme, hakuwa mwimbaji. Yeye mwenyewe alisema sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati ya shule katika ushirika wa ushonaji wa kina mama, na mashairi aliyaandika nyuma ya karatasi za kukatia vitambaa. Wengine ndio waliyaimba kwenye harusi na ngoma za mtaani, na mara nyingi waliyaimba vibaya, naye akiwa nyuma na wanaopika, akiuma midomo.

"Nataka kuyasikia maneno yangu yakitoka kwenye kinywa kile," alisema baadaye, tulipokuwa tunaokota mchele. "Mara moja tu. Halafu nitarudi kushona kola."

Tatizo lilikuwa siku. Ushirika ulikuwa na sare za shule za kumaliza, na wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake, Jumatatu mchana, kuzipokea. Mwenyekiti wao alimpenda shangazi, lakini ruhusa aliyompa ilikuwa ya Jumatatu asubuhi tu, si dakika moja zaidi. Kwa basi, ilikuwa siku nzima hadi Tanga, ulale, kisha uunganishe hadi Mombasa. Kwenda siku mbili, kurudi siku mbili.

"Basi tutapanda ndege," alisema shangazi, kama mtu anayesema mboga zimeisha, basi tutakula maharage.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Upatu wake ulikuwa umemfikia mwezi ule, na fedha ile alikuwa ameikusudia kwa cherehani yake mwenyewe.

"Cherehani itangoja," alisema. "Kola nazishona hata kwa cherehani ya ushirika. Wewe unajua Kiingereza, unafanya kazi mjini. Kawaulize hao wenye ndege nani anakwenda Mombasa, na kwa kiasi gani. Uwaulize wote, usimwamini wa kwanza. Hata nyanya hununui kwa wa kwanza."

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka kwenye ofisi za ndege, wakati wa mapumziko ya mchana, nikiwa na daftari la shule na karanga za kutafuna njiani.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya shirika kubwa. Ilikuwa na kioo kipana mbele, na ndani yake ndege ya mfano iliyong'arishwa hadi ukajiona. Karani alikuwa kijana aliyevaa suti ya mikono mifupi. Aliniita "ndugu" kwa adabu zote, akanieleza kwamba wao wana jeti, na jeti inapitia Nairobi, unabadili, kisha unashuka Mombasa. Ili kuwahi Jumapili alasiri itabidi tuondoke Jumamosi asubuhi na tulale Nairobi. Aliponitajia nauli ya watu wawili, karanga zilinikwama kooni.

"Chakula kinatolewa," aliongeza, akiniona uso. "Cha moto."

Nilimpelekea shangazi habari hizo. Alisikiliza yote kisha akasema, "Kesho nakuja mwenyewe. Wewe unauliza kama mtu anayeomba."

Akaja kweli. Aliomba saa moja kazini, akavaa khanga yake mpya, tukakutana Mnazi Mmoja na kuingia mjini kwa miguu. Ofisi ya pili ilikuwa ya kampuni ya ndege za kukodi, ghorofani juu ya duka la saa, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba shangazi alipanda ubavu ubavu. Mwenyewe alikuwa mzee wa miwani minene, peke yake na simu. Alisema ana ndege ya watu watano, inaruka popote, siku yoyote, hata sasa hivi. Tukipata wenzetu watatu, tunagawana gharama.

"Na mkishindwa kujaa, mnalipia ndege nzima," alisema. "Sasa, mama, samahani. Panda hapa."

Akamwonyesha mizani iliyokuwa pembeni, ile ya kusimama, ya kupimia magunia.

"Kwa nini?" aliuliza shangazi.

"Ndege ni ndogo. Lazima nijue uzito wa kila abiria na mzigo wake."

Shangazi alikuwa mwanamke aliyejaza mlango, na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo. Aliitazama mizani, akamtazama mzee.

"Mimi nimekuja kununua nauli, baba. Sikuja kuuzwa. Mimi si gunia la karafuu."

Mzee alijaribu kueleza habari za mabawa na petroli, lakini tulikuwa tumeshafika katikati ya ngazi. Huko chini shangazi aliegemea dirisha la duka la saa akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa sababu yake, na muuza saa akatoka nje kuangalia kulikoni.

Ofisi ya tatu niliiona kwa bahati. Ilikuwa chumba kimoja tu karibu na bandari, ya kampuni yenye ndege mbili za pangaboi zilizopita pwani kama basi la vituo: Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa. Moja iliondoka Jumapili asubuhi na kufika Mombasa kabla ya adhuhuri. Kesho yake alfajiri ilirudi njia ile ile. Nauli ilikuwa chini ya ile ya jeti, ingawa bado ilikuwa juu ya uwezo wetu. Shangazi aliikunja mikono juu ya meza ya karani.

"Punguza."

"Nauli ya ndege haipunguzwi, mama yangu. Imeandikwa."

"Kila kitu kimeandikwa na mtu. Nani anairusha?"

"Rubani wetu."

"Ana watoto?"

Karani alishika kalamu yake kwa mikono miwili. Alisema hajui.

"Ungejua," alisema shangazi. "Mwenye watoto haharakishi."

Wakati wao wanahojiana, mimi nilichukua ratiba iliyokuwa juu ya meza, nikaisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, na mimi kwa siku nzima kazini nilikuwa nikipiga chapa nyaraka zenye maandishi madogo chini ya ukurasa, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kule kule chini. Palikuwa na nyota moja, na mbele yake mistari miwili. Abiria akiondoka Jumamosi au Jumapili na kurudi kabla ya Jumatatu mchana, na akilipa siku saba kabla, atalipa theluthi mbili tu ya nauli ya kwenda na kurudi.

Niliisoma mara mbili kabla ya kusema, nikiogopa kuaibika. Kisha nikamwonyesha karani. Akainama, akasoma, akafungua kitabu kinene kilichokuwa kwenye droo, akafuatisha kwa kidole.

"Dada," alisema polepole, "hii hata mimi sikuijua."

Shangazi alinitazama, na tulipotoka nje akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo, tukavuka barabara hivyo. Jioni aliweka vifungo vitatu mkekani, akanieleza upya kila kampuni kana kwamba mimi sikuwepo: hiki jeti, kina chakula lakini kinakulaza Nairobi, hiki cha mzee wa mizani, kinakuja unapotaka lakini kinakudharau, hiki cha vituo, kinasimama kila mahali lakini kinatufikisha siku hiyo hiyo. Akakiokota cha tatu, akakitia kwenye ncha ya khanga, akakifunga fundo. Baada ya siku mbili tukaenda kulipa.

Nisiseme uongo, usiku wa kuamkia safari mimi sikulala vizuri. Shangazi alilala fofofo.

Uwanjani alisimama mbele ya ndege akaikagua kama anavyokagua mshono. "Hizi feni mbili ndizo zinazotupeleka?" aliniuliza. Nikasema ndizo. "Ikizimika moja?" Nikasema inabaki moja. "Haya," akapanda.

Mhudumu alitugawia peremende za kutafuna ili masikio yasizibe. Ndege ilipoanza kukimbia, shangazi alifumba macho, akaukamata mkono wangu, midomo ikicheza kwa dua. Tulipokuwa juu akafumbua jicho moja, kisha la pili. Halafu akanisukuma kichwa kutoka dirishani.

"Mtaa wetu uko wapi?"

Nilimwonyesha nilipodhani ndipo, kwenye mabati mekundu ya kutu na ule uwanja mweupe wa vumbi ambapo soko jipya lilikuwa linajengwa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe tunaishi karibu karibu hivi," alisema. "Halafu tunagombana kwa nafasi ya kuanikia nguo."

Unguja tulisimama kidogo tu. Pemba ndiko mambo yalipoharibika. Tulipogusa ardhi tu, mvua ikashuka, mvua ya kweli, ambayo huoni hata ncha ya bawa. Abiria wote tukakimbilia kwenye kibanda cha uwanja, na rubani pia. Saa tano ikapita, saa sita, saa saba. Shangazi alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akiitazama mvua kwa hasira ya kimya. Hata mimi nilianza kujilaumu. Kama tungechukua jeti, nilikuwa nawaza, sasa hivi tungekuwa tumelala, tumekula, tumefika.

"Usihesabu hivyo," alisema ghafla, kana kwamba nilikuwa nimesema kwa sauti. "Jeti tusingeweza kulipa. Kwa hiyo tuliyopanda ndiyo iliyokuwepo."

Kisha akanyanyuka, akaenda kwa rubani aliyekuwa anakunywa chai pembeni. Nilikufa kwa aibu, maana nilijua anakwenda kuuliza nini.

"Baba, una watoto?"

Rubani akaweka kikombe chini. "Watatu, mama. Wa mwisho ana miezi minne."

"Vizuri. Basi usiruke mpaka wewe mwenyewe uridhike. Lakini ukisharidhika, usikae tena kunywa chai. Nina wimbo saa kumi."

Ikabidi aeleze wimbo gani, na kibanda kizima kikasikia. Mama mmoja wa Tanga alimwomba ausome. Akausoma pale, kwa ile sauti yake ya bawaba, bila kuuimba:

*Chungu nichokuazima, chanirudia na ufa,*
*Nami sitaki lawama, nakipokea kwa sifa.*

Mama wa Tanga alipiga kofi pajani. "Huyo jirani yako na wangu ni mama mmoja!" Tangu hapo mvua haikuwa ndefu tena. Kila mtu alikuwa na jirani wa kumsema.

Saa nane mvua ikakatika. Rubani akatoka nje, akatazama juu, akatazama uwanja, akarudi akamwinamia kichwa shangazi: "Nimeridhika." Tukaruka. Tanga hatukusimamisha hata injini kwa muda wa kutosha mama yule kuaga vizuri. Tuliposhuka Mombasa ilikuwa imeshapita saa kumi.

Dereva wa teksi alitaka kutupitisha njia nyingine kwa ajili ya msongamano wa magari, shangazi akamwambia asiongee, aendeshe. Ukumbini mlango ulikuwa umebanwa na wanawake, harufu ya udi na asumini imejaa mpaka barabarani. Nilimwonyesha mama wa mlangoni ile barua. Aliisoma, akaruka: "Mtunzi! Mtunzi wa Dar amefika! Pisheni!" Tukapitishwa bega kwa bega hadi safu ya tatu, na kabla hatujakaa vizuri, fidla zikaanza, na yule mama wa redio akasimama.

Nilikuwa nimemdhania mrefu. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye miwani, mikono ameikunja tumboni kama mtu anayesubiri zamu dukani. Akafungua kinywa, na ilikuwa sauti ile ile. Nikamtazama shangazi nione machozi.

Shangazi alikuwa amekunja uso.

*Sinia nilokwazima, lanirudia na ufa,* aliimba yule mama. *Nami sitaki lawama, nalipokea kwa sifa.*

"Sinia?" alisema shangazi.

"Shangazi, nyamaza," nilimnong'oneza.

Mwimbaji akarudia mstari, kama ilivyo kawaida ya taarab, na ukumbi ukaitikia kwa vigelegele. *Sinia nilokwazima...*

Shangazi akasimama. Nilimshika khanga, ikabaki mkononi mwangu.

"Sinia haliingii ufa, dada yangu!" alisema, na bawaba ile ikasikika hadi mlangoni. "Sinia hubonyea! Kinachoingia ufa ni chungu!"

Fidla zikafa moja moja. Mimi nikaomba ardhi ipasuke. Mwimbaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama mwanamke aliyesimama safu ya tatu.

"Nani huyo?"

"Mtunzi," alisema mama wa mlangoni kwa woga. "Ametoka Dar. Amekuja kwa ndege."

Yule mama akaanza kucheka, kicheko kinene cha tumboni, na ukumbi mzima ukalipuka naye. "Wiki mbili nalisema neno hili lina walakini!" alisema, akiwageukia wapigaji. "Nikaambiwa karatasi ndivyo ilivyoandikwa! Njoo, dada. Njoo huku mbele uniambie mwenyewe."

Ikawa kwamba karatasi ya mfanyabiashara wa khanga ililowa njiani, neno la kwanza likafutika, na mtu fulani akajaza lililomjia. Shangazi alipanda jukwaani bila khanga ya juu, akamtajia maneno sikioni, ubeti mmoja baada ya mwingine, huku yule mama akitikisa kichwa na kurudia kwa midomo. Kisha akawapa ishara wapigaji, akaanza upya tangu mwanzo, na shangazi akabaki amesimama kando yake kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

Safari hii mwimbaji aliposema *chungu*, wanawake waliinuka kwenda kumtunza. Noti zilibandikwa kwa mwimbaji, na yeye akawa anazibandua na kumbandika shangazi. Shangazi hakuzitazama. Alikuwa amefumba macho kama ndani ya ndege, lakini safari hii midomo yake haikucheza.

Tulilala nyumbani kwa mama wa mlangoni, tukalishwa mpaka tukaomba msamaha. Alfajiri tukapanda tena ile ile ndege, rubani yule yule. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Saa tano shangazi alikuwa ameketi kwenye cherehani ya ushirika, na wakaguzi walipofika mchana walikuta kola zote ziko mahali pake.

Kikundi cha Mombasa kiliendelea kumwandikia kwa miaka kadhaa. Aliwapelekea nyimbo nne au tano, kila moja imeandikwa mara mbili, kwenye karatasi mbili, kwa watu wawili tofauti. Baadaye mpaka ulifungwa na barua zikawa za shida, lakini wakati huo nyimbo zilikuwa zimeshajua njia zenyewe.

Kilichonifurahisha zaidi kilitokea hapa hapa mtaani. Kwa vile hakuna mwingine aliyewahi kupanda ndege, shangazi akawa ndiye mtaalamu. Watu waliosafiri mara moja kwa mwaka kwa lori walikuja jioni kumuuliza habari za ndege, akawajibu kwa umakini, akininyooshea kidole niwaandikie maelezo. Mwaka mmoja alikuja mzee wa msikitini aliyejaliwa kwenda Hija, na ambaye alikuwa na karatasi za mawakala wawili wa safari. Nilikuwa jikoni nikasikia.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema shangazi. "Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unichagulie."

"Nitakuchagulia. Lakini kwanza mpe yule binti aliye jikoni asome ya chini kabisa, penye nyota. Halafu kesho nenda kwao wote wawili, uwaulize kitu kimoja."

"Nauli?"

"Nauli imeandikwa, mzee wangu," alisema shangazi. "Waulize kama rubani ana watoto."